Daftari la Saba Ninalo Mimi

Somoe, mwenzangu,

Daftari la saba ninalo mimi. Naanza na hilo ili lisinikwame kooni mpaka mwisho wa barua. Mama Neema, mchapaji wako, alipokuja kuniuliza baada ya arobaini yako, nilimwambia uliacha madaftari sita tu, na wakati namwambia hivyo nilikuwa nimelikalia. Sisemi kwa mfano. Lilikuwa chini ya mto wa kiti changu, nami juu yake, naye mbele yangu ameshika kikombe cha chai ananipa pole.

Ni miezi mitano sasa. Ulikufa Jumapili asubuhi, umekaa kitandani unangoja chai ipoe. Mimi nilikuwa uani nasuuza masufuria. Niliporudi chai ilikuwa imepoa kama unavyoitaka, na wewe umeegemea ukuta kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Jumapili, Somoe. Siku yangu. Jambo la kwanza lililonipitia kichwani ni kwamba hata hapo umechukua siku yangu. Kisha nikaona haya, nikakufumba macho, nikaenda kuita watu.

Tulikuwa wake wa mwanamume mmoja miaka ishirini na sita, tukawa wajane wake miaka kumi na miwili, na sikuwahi kukuandikia hata mstari. Nilikuwa naandika juu ya maneno yako tu, kwa kalamu nyekundu.

Nikupe habari za hapa. Mafundi wa vipuri wameongezeka, wanagonga vyuma mpaka chini ya dirisha letu, na basi la mwendokasi likipita vikombe vinatetemeka kabatini. Watoto, wangu wawili na wako mmoja, wanapiga simu Ijumaa, wananiuliza kama nakula. Karai lako la kukaangia samaki nimeliegemeza ukutani. Wenzako wa soko la samaki la Feri walikuja kuliomba, nikasema bado. Kitanda chako kipo. Nilidhani siku nikipata chumba kizima nitajinyoosha. Nalala upande wangu uleule, na pazia nililolitundika katikati siku ulipohamia sijalishusha.

Sokoni nimekuwa mtu mashuhuri bila kupenda. Zamani nikipita Mtaa wa Kongo nilikuwa bibi wa maktaba, wa kuamkiwa na kuachwa aende zake. Sasa nasimamishwa. Yule dada muuza bamia, mwenye sauti, ananiona toka mbali.

"Shikamoo, Bi Mkubwa. Muuaji ni nani? Ninong'oneze mimi tu, na bamia hizi chukua."

Nikamjibu marahaba, na kwamba bamia zake zimekomaa. Jirani yake wa nyanya akadakia kwamba bibi anatubania, bibi ameshasoma mwisho, mtazame macho yake. Wakacheka wote. Nikaondoka haraka kuliko magoti yangu yanavyoruhusu, kwa sababu ni kweli.

Riwaya yako wewe ndiye uliyeiandika, sina haja ya kukusimulia. Lakini nataka ujue jinsi mimi nilivyoisoma, maana hukuwahi kuniuliza, na ningeulizwa ningedanganya. *Siku Isiyo na Mwenyewe*. Jina hilo nalo nilikwambia ni refu. Wanawake wanne wanauawa Kariakoo, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja siku ya Jumatano, na kila mmoja anakutwa amefunikwa upande mmoja wa kanga mpya ambayo haijapindwa, bado ina harufu ya duka. Upande mmoja tu. Sisi wote tunajua kanga inauzwa doti, pande mbili zimeshikana, unazikata na kuzipinda mwenyewe. Kwa hiyo kila aliyesoma aliuliza palepale: upande wa pili uko wapi? Ndio anaoutafuta Inspekta Selemani, akisaidiwa na Hidaya, muuza kanga ambaye dada yake ni wa pili kuuawa. Wanamsaka muuaji na huku wanapendana, polepole, kwa kubishana, kila mmoja akiogopa kwamba Jumatano ijayo itakuwa ya Hidaya.

Nilipomaliza daftari la kwanza nilikwambia sentensi zako hazina pumzi. Ukweli ni kwamba nililisoma nimesimama jikoni na nikaunguza wali.

Mimi ndiye niliyesoma, Somoe. Miaka thelathini na moja nilikaa maktaba nikipiga mihuri ya tarehe kwenye vitabu vya watu wengine. Nilijua kitabu kipi kimekaa rafu gani, nilijua nani alikunja ukurasa. Nilikuwa na hakika kwamba siku moja nitaandika changu, nikistaafu, nikipata meza. Nilistaafu, nikapata meza. Na wewe uliyeishia darasa la saba Lindi, ukakaa nyuma ya karai la mafuta, daftari juu ya paja, samaki wakichelewa kuiva unaandika, wateja wakichelewa kuja unaandika. Mama Neema mwenye steshenari ya Msimbazi akakuchapia, akawa anarusha sehemu moja moja kwenye kundi la simu, na kabla ya mwaka kwisha wanawake waliokuwa wakinirudishia vitabu vya serikali bila kuvifungua walikuwa wanagombana barabarani juu ya Inspekta wako. Nilikaa pembeni na kalamu yangu nyekundu. Nilitoa koma. Nilizungushia matone ya mafuta kwenye kurasa na kuandika pembeni, "Usafi."

Lakini hayo ningeyameza. Daftari la tatu ndilo lililonitia homa.

Inspekta wako anakunja mikono ya shati mara tatu, si mbili. Anamenya chungwa kwa kisu bila kulikata ganda, utepe mmoja mpaka mwisho. Nilijua ni mume wetu kabla sijafika katikati ya ukurasa. Kisha anamkuta Hidaya anafunga duka, na kabla hata ya salamu anamwambia, "Ngoja kwanza nikutazame."

Hayo maneno ni yangu. Athumani aliniambia hayo Kilwa Kivinje, kwenye kizingiti cha nyumba ya baba, nina miaka kumi na tisa, sanduku langu liko chini, na lori la kutuleta Dar linanguruma nje. Sikurudi tena kuishi kule. Nyumba ya baba zimebaki kuta mbili, na mpapai umeota palipokuwa na kitanda cha mama. Lugha yangu yenyewe imegeuka, nikienda mazishini wananicheka kwamba nazungumza kama mtu wa redio. Katika vyote nilivyotoka navyo, maneno hayo matatu ndiyo yaliyobaki mazima. Halafu nayakuta kwenye daftari linalonuka vibua, anaambiwa msichana wa kubuni.

Nikayakata. Pembeni nikaandika, "Si lazima." Ukayarudisha. Nikayakata. Mara ya tatu uliyaandika kwa herufi kubwa, ukanitazama juu ya miwani.

"Bi Mkubwa," ulisema, "haya hayana kosa la sarufi."

Sikuthubutu kuuliza kama na wewe alikuambia. Labda uliyasikia kwake. Labda uliyasikia kwangu, nikizungumza usingizini upande wa pili wa pazia. Mpaka leo sijui, na wewe umekwenda nalo.

Sasa niseme habari ya Jumatano, ambayo ndiyo barua yenyewe.

Siku saba hazigawanyiki kwa wawili. Athumani alikuwa karani wa bandari, mtu wa kuhesabu makasha, na alipokuoa alipanga kwa haki: Jumapili, Jumatatu na Jumanne kwangu hapa mtaani Gerezani, Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi kwako Mtaa wa Sikukuu. Jumatano ya kupokezana, wiki hii yangu, wiki ijayo yako. Nilikuonea wivu wa Ijumaa, nikauzoea. Jumatano sikuizoea. Kila zamu yangu ilipofika alikuja mchana ameshika kofia mkononi, na ombi. Somoe ana homa. Somoe amefiwa na shangazi. Somoe ameangukiwa na bati. Nimwachie Jumatano hii, atanilipa. Nikamwachia. Sikutaka kuwa mke wa kuhesabu. Lakini nilihesabu, na nilijua mpaka unachompikia. Nilikuwa nimekupangia hata vyombo: bakuli la buluu, kijiko kikubwa, kitambaa cha meza chenye shada ambacho sina hakika kama uliwahi kuwa nacho.

Na mtu haulizi siku ya mwenzake. Hivyo ndivyo tulivyofunzwa, mimi Kilwa na wewe Lindi. Ukiuliza, umemwonyesha mwenzako panapouma.

Unakumbuka kifo cha mama mkwe. Hamisi, mdogo wake Athumani, alikuja hapa Jumatano alasiri, baada ya saa za kazi, vumbi la safari mpaka kwenye nyusi, anamtafuta kaka yake kwa sababu mama yao anakata roho Kilwa. Ilikuwa Jumatano yangu. Ningemwambia tu, nenda Mtaa wa Sikukuu, dakika kumi kwa miguu. Badala yake nikasema katoka sasa hivi, keti umngoje. Nisingeweza kumtamkia shemeji yangu kwamba siku yangu iko kwako. Hamisi aliketi kibarazani mpaka magharibi, akaondoka peke yake. Athumani alipata habari Alhamisi kazini, akafika kaburi limeshafukiwa. Nilingoja aniulize kwa nini sikumwelekeza Hamisi kwako. Hakuuliza, si siku hiyo, si mpaka anakufa. Nilidhani ni upole wake.

Alipokufa yeye, tulikaa eda chumba hiki, tukala sinia moja kwa mara ya kwanza. Nilikuta unakula taratibu, unaacha minofu upande wangu. Baadaye nyumba uliyopanga ikavunjwa ili lijengwe ghorofa la maduka, ukaja na kitanda, jiko la mkaa na karai. Nikatundika pazia, nikasema ni heshima. Majirani wakasema tunapendana kama ndugu. Tulikuwa tunapendana, naona. Ila kila Jumatano ulimi wangu uliamka mapema kuliko mimi. Ukichelewa kitandani nilikuwa nasema, "Lala tu, Bi Mdogo, si leo ni siku yako?" Ukacheka kidogo, ukafunga kanga, ukaenda Feri.

Miaka mitatu iliyopita, Jumatano moja, uko uani unapara samaki aina ya changu, nikashindwa kuishia hapo. Nikakwambia ulikula Jumatano zote, zako na zangu humohumo.

Kisu kilisimama.

"Na zako?" ulisema.

Nikasema ndiyo, na zangu, kila moja, kwa homa zako na bati lako. Uliinama ukaendelea kumpara samaki yuleyule mpaka ngozi ikaanza kutoka. Nilifurahi, Somoe. Nilidhani nimekushika mwishoni kabisa mwa safari, na kwamba ni aibu iliyokuinamisha. Wiki iliyofuata uliniomba nikitoka nikununulie daftari, lile la mistari, la kurasa nyingi. Mimi ndiye niliyelinunua, likawa daftari la kwanza.

Daftari la saba nililikuta siku ya tatu ya msiba, ndani ya pipa la unga, limefungwa kwenye mfuko na kamba. Nililisoma nyuma ya pazia, wanawake wakiwa uani na masufuria makubwa.

Muuaji wako ni mzee wa heshima, mwenye ghala la nguo na wake wawili. Tulikuwa tumeshakutana naye huko nyuma, na polisi walishamwuliza. Alijibu kwamba Jumatano hulala kwa mke mdogo. Mke mdogo akaulizwa, akaapa ndiyo, alikuwa hapa. Mke mkubwa hakuulizwa na mtu. Wasomaji wote wakamwacha mzee aende zake. Katika daftari la saba ndipo tunapojua kwamba mke mdogo alidanganya, wala hakuwa anamlinda. Alidhani mumewe yuko kwa mke mkubwa, na kuliko kumtamkia askari kwamba siku yake imechukuliwa na mwenzake, akasema alikuwa hapa. Niliposoma hapo nilimwona Hamisi kwenye kibaraza changu, na lile vumbi.

Kisha Hidaya anawakutanisha. Wake wawili wasioamkiana miaka mingi wanaketi sebule moja, kila mmoja amebeba kanga alizopewa zawadi na mume. Mume yule alikuwa analeta upande mmoja tu kila mara. Kila mke aliupokea akajua upande wa pili umekwenda kwa mwenzake, akauma meno, akaupinda, akanyamaza. Hidaya anawaambia wazitandaze mkekani. Mke mkubwa anatoa mbili, nyekundu na ya kijani. Mke mdogo anatoa mbili, buluu na ya rangi ya manjano. Wanawake wawili waliokuja kuoneana wivu wanatazama mkeka. Hakuna hata upande mmoja uliooana na mwingine.

"Kwa hiyo hizi pande nyingine," anasema mke mdogo, "anavaa nani?"

Hapo ukaacha mistari mitatu mitupu. Nimesoma vitabu vingi, mwenzangu. Mimi ningeandika kwamba waliogopa. Ningeandika jasho. Wewe uliacha mistari mitatu, na mimi nikahisi baridi mpaka kwenye vidole vya miguu, nje watu wakiulizana chumvi.

Na kwenye ukurasa wa mwisho, nje ya hadithi, kwa penseli:

"Bi Mkubwa, hapa usitie nyekundu. Jumatano hakuwa kwangu. Zangu aliniomba nikuachie wewe. Nimemfanya muuaji. Afadhali muuaji kuliko mke wa tatu."

Nilicheka. Peke yangu, kanga mdomoni, siku ya tatu ya msiba wako. Kisha kicheko kikageuka, na aliyeingia akanikumbatia akidhani nakulilia wewe. Alipatia nusu.

Sasa naelewa kwa nini Athumani hakuniuliza lile la Hamisi. Angeniuliza, ningejibu, na jibu langu lingemfikisha Mtaa wa Sikukuu, na kwako nako hakuwapo.

Nilikwenda kwa Mzee Kondo, yule aliyefanya kazi naye bandarini, anayeshinda kwenye kahawa karibu na karakana. Nilimsalimia, nikamwuliza wazi, mbele ya wenzake, Athumani alikuwa wapi siku za Jumatano. Alizungusha kikombe muda mrefu.

"Shemeji," akasema, "mimi kule nilikuwa nahesabu makasha. Ya Jumatano waachie malaika."

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Akaninunulia kahawa na kashata, jambo ambalo hajawahi kulifanya maisha yake yote, nami nikajua kwamba anajua na kwamba hatasema.

Basi hivyo. Miaka ishirini na sita nilikuonea wivu wa siku ambayo hukuwa nayo, na lile bakuli la buluu lilikuwa kichwani mwangu tu. Wewe nawe ulinionea mimi, sijui ulinipangia vyombo gani. Na sasa wivu wangu hauna mahali pa kukaa. Huyo wa Jumatano, kama yupo, simjui uso. Siwezi kumwonea wivu mtu asiye na uso. Kwa hiyo wivu umerudi kwako, umezoea njia. Nakuonea wivu kwamba ulijua kabla yangu. Nakuonea wivu kwamba ulikaa na jambo hilo miaka mitatu, ukanipikia, ukanisikiliza nikikuchokoza Jumatano baada ya Jumatano, na hukunitupia usoni ingawa ulikuwa na haki. Mimi ningelifanya siri mpaka liniozee moyoni. Wewe umelifanya kitabu.

Ndiyo maana nikalificha. Nilijiambia ni kwa ajili ya jina la Athumani. Si kweli. Likichapishwa, wanawake wa Mtaa wa Sikukuu waliokuwa jirani zako na wa hapa waliokuwa jirani zangu watalisoma, na mmoja, wakati anasuka nywele, atasema, hivi yule karani wa bandari alikuwa kwa nani Jumatano? Watajua kwamba nilipokuwa natembea kidevu juu nilikuwa nimedanganywa. Na kulikuwa na sababu nyingine ndogo, ya kitoto. Maadamu daftari liko chini ya mto wangu, mimi ndiye msomaji wako pekee duniani. Nilitaka kuwa na kitu chako ambacho sigawani na mtu.

Hata hivyo nilijaribu kuwapa mwisho mwingine. Usinicheke. Niliketi mezani, nikaandika kurasa kumi na moja. Nilimuua Inspekta ukurasa wa pili, kwa sababu ya lile chungwa. Hidaya akabaki peke yake, mwanamke mwenye staha, anasoma. Nikazipitia kurasa zangu, mwandiko safi, hakuna tone la mafuta, hakuna kosa, na humo ndani hakuna mtu aliyekuwa hai, hata kabla sijamuua. Niliwashia jiko.

Jana Mama Neema alikuja tena. Alikataa kuketi.

"Bi Mkubwa, watu wananitukana kwenye simu," alisema. "Mimi Mngoni, nimezoea matusi ya watani, lakini haya si ya utani."

Amempata mwandishi mmoja wa Buguruni, mwanamume wa simulizi za mapenzi, amemwandikia mwisho. Alhamisi anaurusha. Ameniachia karatasi nizitazame makosa tu, kwa kuwa nilikuwa nikikufanyia wewe. Nikazisoma. Katika mwisho wake, muuaji ni Inspekta mwenyewe, na Hidaya anagundua siku ya harusi, amevaa shela. Sentensi si mbaya. Lakini nilifika mwisho nikarudi mwanzo, nikatafuta mstari kwa mstari. Upande wa pili wa kanga haupo. Mwanamume yule ameandika kurasa ishirini na tano, hakuna doti, hakuna mke wala zamu, hakuna hata mtu mmoja anayeuliza. Hakuona kwamba kuna kitu cha kuulizwa.

Hapo nikashikwa na wivu wa aina ambayo sikuwahi kuwa nao. Nilikuonea wivu usiguswe. Ile mistari mitatu mitupu ni yako, na zile kanga mkekani ni zako. Na Jumatano zile, Somoe, ni zetu wawili, tulizipoteza pamoja. Haiwezekani mtu wa Buguruni azifunike kwa shela.

Leo asubuhi nimelipitia daftari la saba kwa kalamu nyekundu, mara moja, taratibu. Nimesahihisha herufi kumi na nne. Matone ya mafuta nimeyaacha. Nimefika mwisho, pale kesi imekwisha, Inspekta anakuja dukani kwa Hidaya na kumwambia anataka kumwoa, na Hidaya, bila kuinua macho kutoka kwenye kanga anayoikunja, anamwuliza swali moja tu.

"Siku zote saba?"

Inspekta anakunja mkono wa shati mara ya tatu. Anasema, "Ngoja kwanza nikutazame."

Umeishia hapo. Hukuandika kama alisema ndiyo. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Sikuyakata.

Ukurasa wa penseli nimeuchana kwa rula, ili nisiharibu mshono wa daftari. Huo si wa kitabu, huo ulikuwa barua yangu, na hii ni majibu yake, yamechelewa.

Mama Neema aliwahi kuniuliza kama jina langu liwekwe kwenye jalada, chini ya lako, kwa herufi ndogo. Nilikubali haraka mno, mbele yako. Nitamwambia aliondoe. Karai lako litakwenda Feri kwa wenzako, linakauka hapa bila kazi. Pazia nitalishusha, nilifue, nione chumba kina ukubwa gani.

Kesho ni Jumatano. Nitatoka soko linapofunguliwa, daftari ndani ya mfuko wake na kamba kama ulivyolifunga, nivuke barabara ya mwendokasi, nipite katikati ya Mtaa wa Kongo ili wote wanione nimebeba kitu, mpaka mezani kwa Mama Neema. Nitamwambia nililikalia. Acha anune. Na wakianza kuulizana juu ya Athumani, waje kwangu, nitawajibu mwenyewe kwamba hakuwa kwangu na hakuwa kwa Somoe. Hilo nakuahidi.

Pumzika, mwenzangu. Jumatano ya kesho ni yako. Hakuna aliyekuja kuniomba nikuachie. Nakupa mwenyewe.

Bi Mkubwa wako